Noti Ikianza Lazima Iishe: Mazungumzo na Wapiga Besi Vijana

Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Viongozi wa kwaya, wapiga vyombo wa bendi, na ninyi vijana mliopanda daladala asubuhi hii na magitaa mgongoni, konda akawadai nauli ya watu wawili, poleni na safari na karibuni. Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya kuimarisha upigaji wa gitaa la besi. Mwenyekiti amenionya nisiguse historia ya dansi, kwa sababu nikianza na bendi za Msondo na Sikinde chakula cha mchana kitapoa. Nitajitahidi, ingawa siahidi.

Karibu kila kijana anayekuja kwangu kutaka kufundishwa besi huja na ombi lile lile: mwalimu, nataka spidi. Amemwona mtu kwenye simu anakimbiza vidole, naye anataka vyake vikimbie vivyo hivyo. Namwambia sawa, kaa, nipigie wimbo mmoja unaoupiga kila Jumapili, taratibu tu. Anapiga. Noti ya kwanza inaingia vizuri. Ya pili inaingia huku ya kwanza bado inanguruma. Anapofika ya nne, chumba kizima kinavuma na huwezi kujua wimbo uko kwenye ufunguo gani. Huyo hana shida ya spidi. Noti zake haziishi.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Mpiga besi anajulikana kwa jinsi anavyozima. Kupiga uzi ukatoa sauti, hata mtoto wa chekechea anaweza. Kuunyamazisha pale unapotaka, kwa wakati unaoutaka, bila mlio wa pembeni, hiyo ndiyo kazi ya miaka. Na mazoezi yote nitakayoyataja yanaelekea huko, hata yale ambayo kwa nje yanaonekana ni ya kukimbiza vidole.

Kwa nini besi itusumbue hivi kuliko gitaa la solo? Tazameni chombo chenyewe. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, aliupa uzi urefu wa inchi 34, yaani kama sentimita 86 kutoka pale juu kwenye kichwa hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungiwa kwenye mwili wa gitaa, na besi nyingi tunazozishika leo bado zinafuata kipimo hicho. Uzi wa E, mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ukiwa wazi, yaani bila kubonyezwa, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73, G mara 98. Uzi mrefu na mnene wa namna hiyo ukishapata nguvu, hauachi kutikisika kwa hiari yake. Kabla ya hapo mpiga besi alisimama na lile besi kubwa la mbao, ambalo Zanzibar bado mnaliona kwenye vikundi vya taarab asilia. Lile ukilidonoa kwa kidole, sauti yake hufifia haraka, kwa hiyo chombo chenyewe kinamsaidia mpigaji kunyamaza. Gitaa la umeme halikusaidii. Linakusubiri wewe.

Tufanye jaribio. Kijana mwenye besi nyekundu, chomeka. Weka kidole freti ya 7 ya uzi wa A, freti zikiwa ni vile vyuma vilivyolala kukatiza shingo ya gitaa. Hiyo ni E, oktavu moja juu ya uzi wa E ulio wazi, yaani E ileile lakini ya juu, yenye mitikisiko maradufu. Piga kwa nguvu, iache sekunde mbili, kisha izime kwa mkono wa kushoto bila kugusa uzi mwingine wowote. Mmesikia? Amezima, lakini sauti bado ipo, ndogo, ileile E. Inatoka kwenye uzi mnene ambao hakuugusa kabisa. Ule wa jirani ulipotikisika, huu nao ukaamka, kwa sababu E ile ya juu imo ndani ya sauti yake. Sasa rudia, safari hii gumba la kulia liwe limelala juu ya uzi wa E. Zima. Kimya kabisa. Tofauti ya hizo mara mbili, kwenye ukumbi wenye spika kubwa, ndiyo tofauti ya fundi mitambo kukupandisha au kukushusha. Na fundi mitambo akisikia mvumo hana muda wa kuchunguza umetoka uzi gani. Anashusha besi yote, wewe unaenda nyumbani unasema wanakubania.

Kwa hiyo mkono wa kulia tunaanzia kwenye gumba. Wengi mnaliegemeza juu ya sumaku ya kunasia sauti na linabaki hapo wimbo mzima. Ukiwa kwenye uzi wa E hakuna ubaya. Ukihamia D na G, nyuzi mbili nene kabisa zimeachwa wazi, na hizo ndizo zenye mvumo mkubwa. Gumba linatakiwa lisafiri. Ukipiga A, gumba lilale juu ya E. Ukipiga D, gumba lishuke lilale juu ya A, na ubavu wake uendelee kugusa E. Ukipiga G, gumba libaki pale pale likifunga A na E, na kile kidole kinachopiga, kikishaukwangua uzi wa G, kiangukie juu ya D kipumzike hapo. Hapo nyuzi tatu zimefungwa na mmoja tu unaimba.

Zoezi lake ni jepesi kulieleza na linaudhi kulifanya. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60, yaani milio 60 kwa dakika, noti nne kwa kila uzi, kutoka E kwenda G, kisha kurudi. Mkono wa kushoto usifanye chochote zaidi ya kubonyeza freti ya 5 kwenye kila uzi. Kwenda ni rahisi, gumba linafuata. Kurudi ndiko linakosahau: ukitoka D kwenda A, linang'ang'ania juu ya uzi unaotaka kuupiga. Utajikwaa hapo siku kadhaa. Usiongeze mwendo mpaka gumba liwe linaondoka lenyewe bila wewe kulikumbuka.

Mkono wa kushoto nao una namna yake ya kuzima. Noti iliyobonyezwa inakufa ukilegeza kidole bila kukitoa kwenye uzi. Ukikinyanyua juu kabisa, uzi wazi utalia, au utasikia ule mlio wa kung'oka. Na kuna mtego mmoja watu wengi hawaambiwi: ukilegeza kidole kimoja juu kabisa ya freti ya 5, ya 7 au ya 12, badala ya kimya unapata sauti nyembamba ya kengele, ile harmoniki. Dawa yake ni kulaza vidole viwili au vitatu kwa pamoja. Mfundishe mkono kwamba kidole kimoja kinabonyeza, na vilivyobaki vinakaa chini, karibu, tayari kulala.

Sasa nakuja kwenye zoezi ambalo kama mtaondoka hapa na moja tu, nataka liwe hili. Noti moja. Chukua C, freti ya 3 ya uzi wa A. Metronomu 60, hesabu nne nne, kila hesabu ni biti moja. Raundi ya kwanza, piga biti ya kwanza na uishikilie mpaka biti ya kwanza ya mzunguko unaofuata, hapo ndipo uipige tena. Raundi ya pili, ipige biti ya kwanza na uizime biti ya 3 inapolia. Raundi ya tatu, izime biti ya 2. Raundi ya nne, izime katikati ya biti ya kwanza na ya pili, mahali ambapo metronomu hailii kabisa na inabidi upakute mwenyewe. Kisha rudi kinyumenyume.

Mtaniona nimewadharau. Mtu anapiga besi miaka mitano kanisani unamwambia apige C moja dakika kumi? Jirekodi kwa simu ukilifanya, halafu sikiliza. Utakuta noti zako zinaanza vizuri na mlio, lakini zinaishia popote: hii imekufa mapema, ile imechelewa, nyingine imeburuta mkia. Wakati wa kupiga uliipangia mwanzo tu, mwisho ukauachia bahati. Na mwisho wa noti ndio unaowafanya watu wacheze. Mkae mkisikilize: dramu ya mguu inapiga biti ya kwanza, besi inaingia nayo, snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inapiga biti ya 2, besi inaondoka. Besi ikiondoka pale pale snea inapoingia, snea inasikika kubwa, bendi nzima inasikika safi, na hakuna mtu atakayekuja kukupongeza kwa sababu hakuna atakayejua ni wewe. Ikichelewa kuondoka, snea inasikika kama imepigwa chini ya godoro, na lawama anaipata mpiga dramu.

Ukishalizoea kwenye 60, usipandishe. Shusha. Nenda 50, nenda 40. Kwenye 40, kati ya mlio mmoja na mwingine kuna sekunde moja na nusu, na sekunde moja na nusu ni ndefu sana kwa mtu mwenye wasiwasi. Metronomu, jamani, ni kifaa ambacho Johann Maelzel alikiandikisha hataza mwaka 1815, na leo kiko bure kwenye simu ya kila mmoja wenu. Sielewi kwa nini mpiga besi awe na programu tatu za kuhariri picha na hana hiyo moja.

Vidole vya kulia vinavyopiga: shahada na cha kati, kwa zamu. Kila mtu anajua. Ambacho wengi hawajui ni kwamba zamu yao ina upendeleo. Kidole cha shahada kinapiga kwa nguvu na cha kati kinapapasa, au kinyume chake. Kwenye noti za mbili mbili na nne nne huwezi kugundua, kwa sababu mkazo daima unaangukia kidole kilekile, na hicho ndicho chenye nguvu. Basi piga tatu tatu. Metronomu 70, noti tatu kwa kila mlio, zamu bila kukosea: shahada, kati, shahada, kati, shahada, kati. Mara ya kwanza mkazo umeangukia shahada, mara ya pili umeangukia cha kati. Kile dhaifu kinalazimika kubeba mzigo. Ngoma zetu nyingi zinakwenda kwa tatu tatu, kwa hiyo masikio yenu yanalijua hili tangu utotoni; ni vidole tu vilivyochelewa shule. Jirekodi tena, funga macho, sikiliza kama unaweza kutaja kidole gani kimepiga. Ukiweza kutaja, bado.

Kuna swali huwa linaleta ubishi kwenye mazoezi: ukitoka uzi wa G kuelekea E, ubadilishe kidole au uache kile kilichoangukia uzi unaofuata kiendelee nao? Mimi naacha kiendelee, maana tayari kipo pale, kukitoa ni kukisumbua bure. Ila kuburuza huko kuna tabia ya kukimbia: noti ya pili inatoka mapema kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kifanyie mazoezi na metronomu, kwenye oktavu na kwenye mishuko ya nyuzi tatu, mpaka masikio yako yasione tofauti. Anayetaka kubadilisha zamu kila noti, abadilishe. Sitagombana na mtu kwa hilo.

Kwenye mkono wa kushoto nitasema machache, kwa sababu ndio mnaoupenda na mnaufanyia mazoezi bila kuambiwa. Mwajua lile zoezi la buibui, vidole vinne kwenye freti nne, moja mbili tatu nne, uzi hadi uzi. Ni zuri, ila wengi mnalianzia freti ya kwanza, mahali pagumu kuliko pote. Kwenye besi ya inchi 34, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni sentimita 13. Kutoka ya 5 hadi ya 8 ni kama 10. Mtoto wa miaka kumi na tatu mwenye kiganja kidogo ukimlazimisha sentimita 13 kila siku, unamfundisha kukakamaa. Anzeni freti ya 7, mshuke freti moja moja kadiri mkono unavyokubali. Na kule chini kabisa si dhambi kuacha kidole cha pete. Franz Simandl, aliyefundisha besi kubwa Vienna karne ya 19, alitumia cha kwanza, cha pili na cha mwisho, cha pete na cha mwisho vikisaidiana kama kidole kimoja, na wapiga besi kubwa wengi duniani wanafuata njia hiyo hadi leo. Freti tatu kwa mkono mmoja, kisha hama. Kuanzia freti ya 5 kwenda juu, kidole kimoja kila freti.

Vidole vinne vinaweza kupangwa kwa namna 24. Msipige moja mbili tatu nne maisha yenu yote. Leo chukua moja tatu mbili nne, kesho moja nne mbili tatu, na kadhalika. Ile inayokushinda ndiyo ya kukaa nayo, na karibu kila mtu atashindwa na zile zinazopishanisha cha pete na cha mwisho.

Na kubonyeza. Mnabonyeza mno. Weka kidole karibu kabisa na freti, upande wa kichwa, usikipande juu ya chuma chenyewe. Gusa uzi kwa wepesi na upige: unasikia umefifia. Ongeza kidogo: unasikia unakwaruza. Ongeza kidogo tena: noti safi. Simama hapo. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika, na nguvu yoyote ya ziada ni kodi unayoilipa bila risiti. Fanyeni hivyo kila freti, polepole, dakika mbili kabla ya kuanza jambo lingine. Mtashangaa.

Hili linanipeleka kwenye maumivu, na hapa naomba viongozi wa kwaya wanisikilize pia, maana ndio mnaowaweka watoto jukwaani saa nne mfululizo kwenye mkesha. Kuchoka ni kawaida. Ncha za vidole kuuma mwanzoni ni kawaida, ngozi inakomaa. Ganzi si kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono yanayopanda kwenye kigasha si kawaida. Mara nyingi chanzo kinaonekana kwa macho: mkanda umeachiwa mrefu mpaka besi iko magotini kwa ajili ya mapozi, kifundo kimekunjwa kama shingo ya bata, gumba la kushoto limeshika shingo ya gitaa kwa hasira. Kaza mkanda mpaka besi ikae palepale inapokaa ukiwa umeketi kwenye kiti. Kwa namna hiyo unachokifanyia mazoezi ukiwa umekaa, utakikuta ukisimama. Tafuta mkanda mpana, maana besi nyingi zina kilo nne hivi na mkanda mwembamba unakata bega. Ganzi ikiendelea, weka gitaa chini umwone daktari. Msimwombee tu.

Sasa tutoke kwenye vidole tuingie kwenye muziki, kwa sababu zoezi lisilofika kwenye wimbo ni mazoezi ya gereji.

Ukishaweza kukaa na metronomu ikilia kila biti, inyang'anye kazi. Tuseme wimbo una mapigo 120. Weka metronomu 60, lakini mlio wake usikie kama biti ya 2 na ya 4, kama snea. Biti ya kwanza na ya tatu unaziweka wewe. Wengi hapa watageuziwa mara mbili tatu na kujikuta mlio umehamia biti ya kwanza. Imba kwa mdomo kwanza kabla ya kushika gitaa. Ukitulia, shusha hadi 30, mlio mmoja tu kwa kila mzunguko, nao uwe biti ya 4. Hapo metronomu haikusaidii kutunza muda, inakuja tu mara moja kukukagua.

Halafu chukua mzizi, tano na oktavu, yaani noti ya kwanza ya ngazi, ya tano, na ile ya kwanza tena kwa juu. C, G, C ya juu. Kwa hizo tatu unaweza kupiga nyimbo za kwaya mwaka mzima, na nusu ya rumba. Piga mzunguko huo kwa urefu tofauti wa noti, ukibadilisha mwisho tu. Noti zilezile zikiwa ndefu zinakuwa wimbo wa kuabudu. Zikikatwa fupi watu wanaanza kutikisa mabega. Kisha ongeza noti mfu: laza vidole vya kushoto juu ya uzi bila kubonyeza, piga, upate tiki tu isiyo na sauti ya noti. Iweke katikati ya noti mbili halisi. Ni ngoma ndani ya besi.

Hapa mwenyekiti anisamehe, naigusa dansi kidogo. Sikilizeni besi kwenye sebene ya Kongo, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa yanakimbia na watu wanacheza. Solo inakimbia juu, mi-solo, lile gitaa la katikati, na ridhimu zinafumana, na besi chini yake mara nyingi inapiga mafungu mafupi, inakaa kimya, inapiga tena. Ule ukimya ndio unaomsukuma mchezaji. Kijana akiuchukua mstari ule akajaza mapengo kwa noti zake, atakuwa na noti nyingi na sebene hana. Benga ya Waluo wa Kenya ni shule nyingine: besi ina maneno mengi, inajibizana na solo, lakini kila neno limekatwa vizuri. Na kuna sauti ile kavu, yenye pamba: unalaza ubavu wa kiganja cha kulia juu ya nyuzi karibu na daraja, unadonoa kwa gumba. Fanyeni mstari mmoja wa rumba kwa namna hiyo, halafu kwa vidole, halafu mchague. Kwenye ukumbi wenye mwangwi mkubwa, makanisa yetu mengi yako hivyo, ile ya kiganja itawaokoa.

Mkitaka kunakili mistari hiyo, msisikilizie kwenye spika ya simu. Spika ile ndogo haiwezi kutoa sauti ya mtikisiko wa 41 kwa sekunde. Unachokisikia ni sauti za juu za noti, ubongo wako unakisia chini kilichopo. Ndiyo maana mnakosea oktavu, na ndiyo maana hamsikii noti ilipoishia. Vaeni hedifoni za kufunika masikio, hata za bei nafuu.

Na kabla hamjakata tamaa kwamba vidole vyenu ni vizito, mjue habari za James Jamerson wa Detroit. Nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown za miaka ya 1960 zimesimama juu ya besi yake, na alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada. Kimoja! Alitoka kwenye besi kubwa ya mbao, akaja nalo sikio la noti inayokufa kwa wakati, na chini ya kifuniko cha daraja la gitaa lake kulikuwa na kipande cha sponji kinachofupisha sauti. Mnaweza kujaribu: kata sponji nyembamba ya magodoro, ipenyeze chini ya nyuzi karibu na daraja. Isikandamize sana. Itazima mvumo mwingi, na kesho ukiitoa utajua ni kiasi gani ulikuwa unaitegemea.

Wengine mtaniambia, mwalimu, nyumbani sina amplifaya, na hata ningekuwa nayo umeme unakatika. Sawa. Bana kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la mbao, au kwenye meza, na upige. Mbao itachukua mtikisiko na utasikia noti nzito kabisa chumbani. Jihadharini na jambo moja tu: mtu anayefanya mazoezi bila umeme muda mrefu huzoea kupiga kwa nguvu ili ajisikie, akifika jukwaani anang'oa nyuzi. Na mvumo wa nyuzi jirani hausikiki vizuri bila amplifaya. Kwa hiyo zoezi la vidole na buibui lifanye kavu. Zoezi la noti moja na la gumba, tafuta hata dakika kumi kabla ya mazoezi ya kwaya, chomeka, fanya pale. Nusu saa kila siku, theluthi yake ikiwa ya noti moja, itakufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima ya kukimbiza vidole.

Naona mkono kule nyuma, na nakisia swali: slapu, ile namna ya kugonga na kuvuta nyuzi. Kila semina lazima. Sina ugomvi na slapu, ila mjue ilikotoka. Larry Graham alikuwa kijana anapiga na mama yake huko California, mama kwenye piano, na dramu hawana. Akaanza kugonga uzi kwa gumba ili apate dramu ya mguu, na kuvuta uzi kwa kidole ili apate snea. Kwa hiyo anayetaka slapu aianzie hapo: gumba ligonge E, freti ya 5, zima kwa mkono wa kushoto, kidole kivute oktavu yake, uzi wa D freti ya 7, zima. Metronomu 60. Kama hizo noti mbili hazisikiki kama dramu kavu, msiongeze ya tatu.

Mwenyekiti, naomba dakika kumi tuchomeke vyombo. Wenye nyuzi nne wakae kulia, tutaanza na zile C. Wenye nyuzi tano njooni mbele upande huu, maana mna uzi wa B wa mitikisiko 31 kwa sekunde ambao wengi wenu mnauacha wazi wimbo mzima, na huo nataka tuuanze nao kwanza.